Zizi la Bibi Sikudhani

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio shambani na redio zenu, sogeeni. Leo tunamkumbuka Bibi Sikudhani wa Mpwapwa, tuliyemzika Alhamisi. Alizaliwa huru. Akafanywa mtumwa. Amekufa huru, tena mwenye ng'ombe.

Alizaliwa mbali, huko Umanyema. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akaletwa Mpwapwa na msafara, akanunuliwa na mfanyabiashara mmoja, Bwana Yahaya. Hata jina la Sikudhani alipewa na bwana huyo. La kwao alilisahau.

Wengi wetu tukisikia utumwa tunafikiria mnyororo. Kwa Yahaya hapakuwa na mnyororo. Mjukuu wa Sikudhani, Dorkasi, anakumbuka Bibi alivyokuwa akiwaambia: "Mtumwa ni mtu ambaye akiolewa, mahari yake inakwenda kwa aliyemnunua. Na watoto wake vilevile."

Mjerumani alikuwa ameshajenga boma. Msidhani aliwaachia watumwa wote. Alikataza biashara ya kuwauza, lakini waliokuwa nao wakabaki nao. Aliyetaka kutoka ilibidi ajikomboe. Basi Sikudhani, katika siku alizoruhusiwa kujifanyia kazi zake, alifinyanga vyungu akawauzia wapagazi. Yapata mwaka 1908 akajikomboa, akapewa hati bomani.

Ndipo Matonya, mfugaji wa Kigogo kutoka Kibakwe, akaja kumposa. Bwana Yahaya akacheka.

"Karatasi imekutoa kwangu," alimwambia Sikudhani. "Haikukupa baba. Nani atakupokelea ng'ombe? Wataingia kwangu."

Mnauona mtego huo? Ng'ombe wakiingia zizi la Yahaya, Sikudhani ni mtu wake tena, na watoto atakaowazaa pia. Asipotolewa mahari, kwa Wagogo huyo si mke. Nami hasira hunipanda kila ninapokisimulia kisa hiki.

Sikudhani alichukua panga, akaenda kukata miiba. Akajenga zizi peke yake, kando ya kibanda chake. Majirani wakamtania: hana hata ndama, zizi la nini?

Siku ikafika. Ng'ombe wakaja, wakiswagwa na mjomba wa Matonya. Yahaya alikuwa ameshafungua zizi lake, amesimama na kanzu yake safi. Sikudhani naye alisimama langoni pa zizi lake la miiba, fimbo mkononi. Mjomba akasita njiani.

"Wa ukoo wake yuko wapi?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Sikudhani. "Ukoo unaanzia hapa."

Mjomba akamtazama, akalitazama lile zizi. Kisha akasema, "Mbukwa."

Wasikilizaji, hiyo ni salamu ya heshima ya Wagogo, na hapo alisalimiwa mwenye mji. Sikudhani hakuwahi kusalimiwa hivyo tangu aletwe Mpwapwa. Ng'ombe wakageuzwa, wakaingia kwake. Wanawake waliofuatana na mjomba wakabana ngoma zao mapajani, wakapiga mpaka vumbi likatimka. Yahaya akalifunga zizi lake, tupu.

"Bibi akisimulia, akifika hapo alikuwa akicheka mpaka machozi," anasema Dorkasi. "Alisema hata yule ng'ombe wa mbele alitembea kwa maringo."

Mabinti wote wa Bibi walipoolewa, mahari ilipokelewa langoni pale. Mwezi ujao anaolewa Dorkasi mwenyewe. Fimbo ataishika mama yake, Mama Hana.

Tunawapa pole Mama Hana, Dorkasi na ukoo mzima wa Sikudhani. Nimesema ukoo wa Sikudhani, sijakosea. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Wako wangapi waliokufa bila mtu wa kuwapokelea mahari? Na yuko nani mtaani kwenu ambaye mpaka leo watu hunong'ona kuwa ni mjukuu wa mtumwa? Ukiisikia minong'ono hiyo, izime.

Alhamisi, kila mwombolezaji alipita kwanza langoni pa zizi. Mimi pia nilisimama pale, nikasema neno ambalo nalirudia sasa, wote mnisikie.

Bibi Sikudhani, mbukwa.