Mguu wa E

Benchi letu la kahawa lina miguu mitatu na tofali, na juu yake tumetandika gunia kuukuu. Jioni ile tulikuwa hoi, hata salamu tulizijibu kwa kichwa. Macho Manne alikuja uso umemshuka. Yeye ndiye msoma herufi wa bohari: gunia la E ni unga, la F ni mbolea. Sasa wameleta mashine ya kusoma.

— Inasomaje nayo haina macho? aliuliza Kinyozi.

— Ina vijicho vya umeme. Kila kimoja kinatazama pahali pake: pana wino, hapana wino. Halafu nyaya zinaamua. Wino juu, na katikati, na chini? E. Chini hapana? F.

— Mna mtu humo ndani, akasema Profesa, aliyeacha shule kabla yetu sote. Mfupi.

— Acha hizo.

— Basi ni kichwa tu. Yule mwalimu wa mtaani aliyezikwa juzi, nani alikiona kichwa chake?

— Profesa, kunywa kahawa.

Macho Manne hakucheka. Wino ukififia, alisema, E hupoteza mguu wa chini, na mashine hupeleka unga kwenye mbolea. Yeye hakosei. Kwa hiyo meneja anataka kesho asubuhi amweleze fundi wa mashine anaijuaje E hiyo, naye aunge nyaya upya.

— Usimwambie! Kinyozi akaruka. Ukimwambia tu, umejifukuza kazi.

— Nikinyamaza, meneja atasema namgomea. Nafukuzwa vilevile.

— Mwambie unanusa, akasema Profesa. Waiunge pua.

Dada mmoja, fundi cherehani aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama na kikombe chake, anatusikiliza.

— Samahani kaka, kwani wewe unaijuaje?

Macho Manne akatuinua, akaonyesha herufi iliyofifia kwenye gunia letu.

— Hii nini?

— F, tukasema sote.

— E.

Muuza kahawa akaligeuza gunia. Upande wa pili chapa ilikuwa nzima: E, na mguu wake.

— Umejuaje? akauliza tena yule dada.

Macho Manne aliitazama sana ile herufi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena. Nilimwonea huruma.

— Sijui, dada. Miaka yote hii, naiona tu.

Muuza kahawa aliinamisha birika, yakatoka machicha.

— Kesho nikimjibu fundi wa mashine hivyo, akasema Macho Manne, nani ataniamini?

Tukalitandika gunia, tukakaa.