Mama Honorine na Siku ya Okapi

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi hapa kiwandani kwetu, Mama Honorine Kapinga anatuaga tarehe 31 Oktoba. Ndiye mkaguzi wa mwisho wa sarafu zetu za fedha: tembo, chui, okapi, zile ambazo matajiri wa Ubelgiji na Japani wananunua, wanafungia kabatini, na hata mkate hawanunui nazo. Watu wa ajabu, lakini ndio wanatulisha.

Fedha ile inang'aa kama kioo, na tone la mate lisiloonekana hugeuka doa jeupe baadaye. Kwa hiyo sheria ya meza yake ni moja: sarafu ikiwa nje ya kapsuli, kile kikasha chake cha plastiki, hakuna kusema. Na huyu ndiye mama ambaye mtaa mzima wa Hewa Bora unamsikia akiita kuku wake!

Siku ya sarafu ya kwanza ya okapi tulitoka jasho. Mama alikuwa ameishika, milia ya miguu imechongwa nyembamba hadi unaogopa kupumua. Mlango ukafunguka: Papa Mutale, baba wa kijana aliyemposa Estelle, binti wa Mama.

"Jambo, Mama! Habari ya ku nyumba?"

Papa akarudia salamu. Mama akamtazama tu. Kwetu, kutomwitikia bakwe, yaani mkwe, ni tusi kubwa.

"Bon, tumeelewa. Ile ndoa, tunaacha!" Papa akatoka.

Mwingine angeitupa okapi. Yeye akaigeuza polepole, akaiweka ndani ya kapsuli, akabonyeza kifuniko. Ndipo akakimbia na glavu zake nyeupe, akamshika Papa koti barabarani, akamrudisha mezani na kumwonyesha okapi nyingine, iko bado nje ya kapsuli. Papa akafungua kinywa kushangaa. Mama akakiziba kwa kiganja! Kumziba bakwe mdomo! Sote tukaganda, hata mimi ambaye siogopi kitu.

Papa akaelewa, akapumua kwa pua. Akaangalia masikio, milia, na lile jicho dogo linalokuangalia kama liko hai. Macho yakamlowa. Sarafu ilipofunikwa, akasema taratibu:

"Mama, mutoto mwenye alilelewa na hii mikono, njo tunamutaka."

Vijana wakaoana mwezi wa nane mwaka ule. Okapi zote zilivuka bahari, na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Asante, Mama, kwa macho hayo. Estelle na wajukuu wanakungoja mtaani kwao Karavia, na Papa Mutale ameapa kuja kula bukari, ugali wetu, kwako kila Jumapili. Mpakulie mwingi, na uishi kwa raha siku nyingi.