Plagi ya Silinda ya Tatu

Sikilizeni, wanangu, na mnisogelee, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Nimewaita mchana huu kwa sababu kaka yenu mkubwa amesema jioni atalichukua lile gari la turbo, ampakie mkewe na kichanga chao, nami siwezi kukata roho huku nimelinyamazia jambo hilo.

Gereji ni ya binti yangu, na spana zote, na meza ya vyuma. Kaka zake msinune; mikono yenu ni ya kalamu, na mmoja wenu hata kubadili tairi humwita jirani. Wewe binti, shika niliyokufundisha. Injini ya turbo inasukumiwa hewa kwa nguvu na moto wake ni mkali, kwa hiyo usiiwekee plagi yoyote kwa kuwa tu imeingia kwenye tundu. Tafuta zinazopoa haraka, namba ile ile ya kwenye kitabu cha gari, na mwanya wake uwe mdogo, la sivyo cheche itazimwa na presha. Ngoja injini ipoe, puliza vumbi lote, anza kufunga kwa vidole, na ukiona inagoma rudi nyuma. Badilisha zote nne kwa pamoja. Na iliyoanguka chini, hata kama haina alama, itupe; kauri yake huweza kupasuka ndani usione. Kila fundi aliyepita gereji hii nilimwapisha hivyo.

Kiapo hicho nilikivunja mimi, kwa mama yenu.

Gari hilo la turbo lilikuwa lake. Asubuhi ile alisimama na sare yake ya uuguzi, anawahi zamu, nami namtania kwamba wagonjwa wamezoea kumngoja. Plagi ya mwisho ikaniponyoka, ikagonga sakafu. Niliiokota, nikaigeuzageuza kwenye mwanga, sikuona kitu, na duka lilikuwa mbali. Nikaifunga silinda ya tatu. Mjomba wenu, aliyekuwa amekuja kunipima suruali, akasema, "Shemeji, injini hiyo inakohoa." Nikamjibu ashughulike na cherehani yake. Mama yenu alipokuwa analipita lori mlimani, akakanyaga mafuta, nguvu haikuja, na lori jingine lilikuwa linashuka.

Mmekua mkijua kwamba alikuwa na papara barabarani. Maneno hayo ni yangu. Nilimpaka matope marehemu asiyeweza kujitetea, na kaka yake aliponisema mbele ya watu nilimwita mzushi, nikamfukuza, nanyi mkaacha hata kumwamkia njiani. Naona haya, wanangu. Naona haya kuliko ninavyoogopa kufa.

Gari nikalikusanya, nikalinyoosha, nikalifufua, nikidhani nalipa. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, kila nikiifungua plagi ya silinda ya tatu nakuta kauri yake nyeupe ina ufa, mahali pale pale, hata gari likiwa halijawashwa. Nimenunua mpya maduka mbalimbali, nimezibeba kama mayai, ufa ni ule ule. Nikatoa betri. Bado, mkishakwenda makazini, naisikia injini huko gereji inawaka, silinda tatu zinakwenda sawa na moja inakohoa, kisha mtu anakanyaga mafuta, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichonimaliza, siyo haya mapafu anayoyasema daktari.

Najua, mkubwa, jana ulirudisha betri na kufunga plagi mpya kwa mkono wako, na hujaliwasha bado. Cheka tu. Binti yangu, nenda kaifungue ya tatu, uniletee.

Umerudi. Niwekee kiganjani. Ufa huu hapa, chini ya kidole gumba. Mpe na kaka yako aguse. Sasa hacheki.

Basi shikeni haya. Gari hilo asiliendeshe mtu, asiuziwe mtu. Likatwekatwe nanyi mkiangalia. Mwendeeni mjomba wenu, nyote, mumwambie kwamba alisikia sawasawa na mimi nilisema uongo. Msinibembelezee msamaha, ataamua mwenyewe. Kisha nendeni kwenye kaburi la mama yenu mkamwambie kwamba aliendesha vizuri. Mseme kwa sauti, siyo moyoni.

Nipeni maji. Inatosha. Mungu awape mikono isiyotetemeka na midomo inayokiri mapema. Awafikishe kila mnakokwenda, na awarudishe. Mkubwa... mtoto wako umbebe vizuri. Sina kinyongo na yeyote kati yenu, na kama mnacho juu yangu... ni haki yenu.

Nani kaliwasha? Plagi si hii hapa, mkononi mwangu... Nyamazeni basi, msilie, mnanizibia. Hamsikii? Zote nne. Zinakwenda sawa, zote nne... haikohoi hata kidogo. Mama yenu amesimamisha hapo nje, ananingoja.

Binti yangu... nivishe viatu.