Mbegu za Ulezi

Kijiwe cha kahawa cha Abdalah pale Nachingwea kilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, kando ya fundi baiskeli, na ole wako mwenzio wa upande wa pili akiinuka bila kuaga. Mwaka ule wa 2006 waliokaa hapo wengi walikuwa watu wa kiwanda cha kubangua korosho. King'ora cha jioni kikilia, hawaendi nyumbani mpaka wapite kwa Abdalah. Nuhu, fundi wa mitambo, waliyemwita Kengele kwa kengele ya baiskeli yake iliyosikika mtaa wa pili, jioni moja alikuwa anamwomba Mungu maneno yasifike kwenye ulezi. Yakafika.

— Kengele, mbegu zimeota?

Huyo ni Shaibu, jina la kijiweni Redio, maana habari zote kazisikia yeye, hata zisizotangazwa. Watu wakaangua kicheko. Kiwandani lilipotangazwa darasa la ulezi bora, Nuhu alikwenda na kiroba, akijua wanagawa mbegu za ulezi. Kumbe ulezi wa watoto!

— Niliondoka palepale, alisema Nuhu. Mimi nifundishwe kulea?

Uongo mtupu. Alikaa, kiroba mapajani, na kila Alhamisi mchana alirudi. Mwalimu Scholastika aliwauliza, matusi ya msimamizi mnayapeleka wapi? Nuhu akajikuta anasema mbele za watu kwamba akipiga kengele jioni nyumba yake inanyamaza kama kuna msiba, na Eva, kitinda mimba wake, anaingia uvunguni. Tangu hapo anasimama kwanza kwenye kona ya karibu na nyumbani, anakunywa maji, anayaacha ya kazini hukohuko. Kichwa kimeacha kumgonga, usingizi umerudi. Lakini hayo utayasemaje mbele ya Redio?

— Wale lengo lao wanaume tunyonyeshe, Redio akaendelea. Kuna vidonge.

— Acha wee!

— Nakwambia! Wiki mbili tu kifua kinajaa.

— Ndiyo maana msimamizi wenu kanenepa, alisema Abdalah akipepea makaa.

Bonifasi akakohoa. Huyu ndiye Methali, na akikohoa hivyo, wahenga wajiandae.

— Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ukishamkunja, kaanga! Mtoto bila fimbo ni haba na haba.

— Haba na haba imeingiaje hapo?

— Si hujaza kibaba? Mbembeleze leo, kesho anakujazia nyumba wajukuu!

— Mwanamume anayebembeleza mtoto, alisema Nuhu, huyo kalogwa na mkewe.

Wakamgongea mikono. Alicheka kuliko wote, na moyoni akajiita mshenzi.

Hapo ndipo alipotokea Domitila, mbanguaji, mikono myeusi kwa mafuta ya maganda, amefuata baiskeli yake kwa fundi. Kijiweni hakuwahi kusimama. Alipomwona Nuhu, uso ukamchanua.

— Kaka Nuhu! Eva hajarudi tena uvunguni? Alhamisi darasani ulivyotusimulia alivyotoka, mimi nililia.

Ubao mzima ukamgeukia Nuhu.

— Eva yupi? Dada, umenifananisha.

Domitila akamtazama, akawatazama na wenzake, akaelewa.

— Haya, yaishe. Ila nyie kaka zangu, nawauliza tu. Watoto wenu wakisikia mmefika, wanakimbilia wapi?

Redio, mwenye habari zote, akachungulia kikombe chake. Methali akasogeza chake aongezewe kahawa. Domitila akaenda kwa fundi. Abdalah akainua birika.

— Kahawa imekwisha, alisema, ingawa wote waliisikia ikicheza ndani.

Aibu ilimpanda Nuhu mpaka masikioni. Jumapili ile aliyoisimulia darasani, Eva alitoka uvunguni mwenyewe, akamshika suruali, akaicheka kengele. Na yeye kamkana mtoto huyo sasa hivi, tena kwa kikombe cha kahawa! Akainuka bila kuaga, Redio akaenda chini na ubao wake, na hakuna aliyecheka.

— Dada Domitila!

Alikuwa ameshapanda baiskeli, anaondoka. Nuhu akadaka ya kwake, akapiga kengele kwa nguvu zote ili asimame. Domitila hakugeuka. Alichofanya ni kusogea pembeni, ampishe mwenye haraka apite.