Kikaratasi cha Ishirini na Saba
Wasifu wa Marehemu Verna Hlavaty (1931–2019)

Marehemu Verna Hlavaty alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Februari 1931, hapa hapa Hazleton, Pennsylvania. Alikuwa mtoto wa pili wa Andrej Hlavaty, mchimba makaa, na mkewe Zuzana, aliyeshona katika kiwanda cha mashati. Kaka yake Joseph ndiye baba yangu mimi Paulette ninayewasomea, kwa hiyo marehemu ni shangazi yangu. Nimeombwa nisome kwa utulivu. Nitajaribu.

Alisoma shule ya parokia, kisha sekondari, akamaliza mwaka 1948. Aliimba katika kwaya ya kanisa hili. Bibi alitusimulia kwamba padri alimhamisha mstari wa nyuma kwa sababu waumini walikuwa wakigeuza shingo kumtazama yeye badala ya altare. Alilia siku mbili. Jumapili iliyofuata aliimba kutoka huko nyuma mpaka padri mwenyewe akageuka.

Mwaka 1950 alikwenda New York na sanduku moja. Alihudumu mezani kwenye mkahawa, akaimba kwenye makundi ya waitikiaji, na mwaka 1957 akapewa kazi ya mwigizaji wa akiba katika mchezo wa nyimbo ulioitwa Malkia wa Mtaa wa Saba. Malkia alikuwa Bi Corinne Ashby. Mchezo ulifunguliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi, na siku ya tisa sauti ya Bi Corinne ikakatika kabisa. Marehemu aliingia badala yake kwa siku ishirini na tatu, maonyesho ishirini na sita.

Ninyi watu wa jukwaa mliokuja kwa basi leo mnakijua kile kikaratasi. Mtazamaji anafungua kijitabu chake cha mchezo, kikaratasi kinamwangukia mapajani: "Leo nafasi ya Malkia itachezwa na Verna Hlavaty." Ukumbi mzima unaguna, na wengine wanainuka kwenda kudai pesa zao dirishani. Shangazi alisema guno lile lilipenya pazia, naye alisubiri liishe ndipo aingie. Mwisho wa wimbo wa tatu, wale wale walioguna walikuwa wamesimama wakipiga makofi.

Sasa niseme habari ya tuzo, maana bila hiyo maisha yake hayaeleweki. Tuzo ya Marchbanks ilianza mwaka 1948. Mshindi alipewa kioo cha mkono cha fedha, jina lake limechongwa mgongoni. Mwanzoni kilikuwa kioo kimoja kwa waigizaji wote wa kike wa michezo ya nyimbo. Mwaka 1952 wakakifanya viwili, cha mwigizaji mkuu na cha msaidizi, na kipimo chao kilikuwa bango la mlangoni: jina likiwa juu ya jina la mchezo, wewe ni mkuu, likiwa chini, ni msaidizi. Wa akiba hakuwa na jina popote isipokuwa kwenye kikaratasi.

Wapiga kura wa mwaka ule wa 1957 walichelewa kuja kutazama, kama kawaida yao, wakaja karibu wote katika zile siku ishirini na tatu. Mzee mmoja miongoni mwao alimfuata shangazi chumba cha kuvalia.

"Binti, mimi nimekupigia kura wewe."

"Asante, mzee. Kwani jina langu limo?"

"Halimo. Karatasi imeshachapwa, ina jina la Corinne. Nimetia alama hapo, lakini moyoni ni wewe."

"Na wenzako?"

"Hivyo hivyo, mama. Ndiyo nimekuja kukuambia ufurahi."

Furaha gani hiyo, ndugu zangu? Mwezi wa sita Bi Corinne alipanda jukwaani akapokea kioo kwa kazi ambayo wengi wa wale wazee hawakumwona akiifanya. Alimshukuru mtengeneza nywele wake. Alipokuwa akishuka alimshika shangazi shavu akasema, "Usijali, mpenzi, chako kinakuja." Hakikuja. Mchezo pekee uliowahi kuliweka jina la Verna Hlavaty juu ya bango ulifungwa baada ya maonyesho manne, mwaka 1962.

Tarehe 4 Mei 1963 alifunga ndoa na Stanley Brodzik, mvuta mapazia, mtu mpole aliyekuwa na mikono ya kamba tupu. Hawakujaaliwa mtoto. Stanley alitangulia mwaka 1994.

Koo la shangazi lilipoharibika, mwaka 1966, alitafuta kazi ya mezani, na kazi iliyopatikana ilikuwa ukarani wa tuzo ile ile. Alikaa nayo miaka thelathini na mmoja. Alivifungasha vioo vya wenzake. Mwaka 1971 alizipiga chapa kanuni mpya, kwamba uzito wa kazi ndio utazamwe, si mahali pa jina kwenye bango. Mwaka 1983 alipiga nyingine, kwamba na wa akiba ahesabiwe. Na kila mwaka alipiga upya orodha ya washindi wote tangu 1948, na kila mwaka akaufikia mstari wa 1957 akaandika Corinne Ashby. Hakuna aliyekuwa akimkagua.

Nilikuwa naye ofisini mara moja, nikashindwa kuvumilia. "Shangazi, weka jina lako. Nani atajua?"

Hakuinua kichwa. "Nikilibadilisha mimi, Paulette, hakuna mwingine atakayelibadilisha."

Basi akangoja. Mwaka 2009 niliwaandikia wenye tuzo kwa niaba yake, bila kumwambia. Walinijibu kwa adabu kwamba kanuni hairudi nyuma. Barua ile nilimficha, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu aliendelea kungoja.

Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanza mwaka 2014. Ulichukua mikono, kisha miguu, mwisho ukambakizia sauti ndogo. Mwezi wa tisa mwaka huu aliniita kitandani.

"Wasifu wangu usiandike kwamba nilishinda."

"Niandike nini, shangazi?"

"Andika nilikuwepo."

Alifariki nyumbani kwake Queens, New York, Jumanne tarehe 12 Novemba 2019, akiwa na miaka themanini na minane. Orodha bado inasema Corinne Ashby.

Marehemu ameacha mpwa mmoja, mimi Paulette. Wajukuu wawili, wanangu Daniel na Irene. Shemeji yake Helen Brodzik. Na jirani yake Bi Ottoline Pryce, aliyemlisha kwa kijiko miezi minane. Baada ya maziko, akina mama wa parokia wametupikia kabichi ya nyama ukumbini.

Vile vikaratasi ishirini na sita alivitunza vyote, na vimo kifuani mwake ndani ya jeneza. Cha ishirini na saba kimo kwenye vijitabu mlivyopewa mlangoni. Nimewaona mkikiokota mapajani, na leo hakuna aliyeguna. Kimeandikwa hivi:

"Leo Verna Hlavaty hatakuwepo. Nafasi yake haitachezwa na mtu."

Lala, shangazi. Mungu akupokee kwa jina lako.