Jino la Erasmo na Lenzi Sitini na Nne

Jumatano ya pili ya Julai, saa mbili na nusu asubuhi, mashine yenye ukubwa wa kreti ya soda iliwekwa juu ya meza kwenye baraza la ghala la kahawa, Maguu. Benchi la kijiwe lilikuwa hatua kumi kutoka hapo, nalo likabebwa na waliolikalia hadi pembeni mwa meza. Birika likafuata na jiko lake la makaa, kwa sababu kijiwe hicho kina sheria moja: birika hukaa mkono wa kulia wa mkubwa kuliko wote benchini. Mkubwa ni Erasmo. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiipima kahawa ya chama cha msingi kwa kuiuma. Punje ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikipokea alama ya jino, ni mbichi, itavunda na kuozesha za jirani, na gunia huchorwa msalaba wa chaki. Ndiyo maana anaitwa Jino. Wiki iliyotangulia alikuwa amechora misalaba mitatu kwenye magunia matatu ya Kunigunda, mjane wa Mkumbi. Kunigunda hakubishana. Alifanya kama desturi inavyotaka: alichota kahawa kidogo kutoka magunia hayo, akaishona ndani ya kifuko cha kitambaa kisichozidi kiganja, akakiacha ghalani kisubiri kupimwa upya. Kifuko cha namna hiyo hakifumui mtu ila aliyekishona. Lori lilikuwa lije Ijumaa, na gunia lenye msalaba halipandi lori. Jambo ambalo benchi zima halikulijua ni kwamba mwezi Mei Erasmo aling'olewa magego yake mawili ya mwisho. Tangu hapo alikuwa akiminya punje kwa ufizi na kukisia.

— Shikamooni wazee, — alisema Restituta, mhandisi, mzaliwa wa Namswea, aliyekuja na mashine kutoka chuo alikosoma. — Naomba bamba la juu lisiguswe.

— Marahaba, — alijibu Erasmo. — Sasa huyu ndiye mwenye meno mapya?

— Huyu hana meno, baba. Ana macho.

— Basi tutaelewana. Mimi ninayo yote mawili.

Benchi likacheka. Erasmo alicheka mdomo ukiwa umefumbwa.

Restituta akatoa kitu mfukoni na kukiweka kwenye kiganja cha Erasmo. Kilikuwa cheusi, kimebinuka upande mmoja, kidogo kama tunda la kahawa lililokatwa katikati.

— Hii ni lenzi, — alisema. — Ziko sitini na nne chini ya bamba la juu.

Luisa, muuza kahawa, akainama kutazama.

— Lenzi gani haionyeshi upande wa pili? Hiyo si jiwe?

— Ni jiwe kweli, mama. Silikoni. Kwa macho yetu ni giza tupu. Kwa mawimbi haya ni dirisha.

— Mawimbi gani?

— Ya terahezi. Yako katikati, baina ya yale ya simu na yale ya joto la jua. Wimbi moja lina urefu wa milimita. Yanapita kwenye nguo, kwenye karatasi, kwenye punje iliyokauka. Yakikuta maji, safari imekwisha.

Nicholaus alikuwa akingoja hapo. Anafunga madishi ya televisheni kuanzia Mbinga mjini mpaka Mbamba Bay, na kijiweni jina lake ni Dishi.

— Dada, antena iko wapi? Mimi nakijua chombo kwa antena yake.

— Nyuma ya kila lenzi ipo moja. Ndogo kuliko punje ya ulezi.

— Ndogo kuliko ulezi, — alirudia Dishi. — Dishi la parokia tulilibeba watu wanne. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Antena lazima iwe pana na tupu, ndipo ivume. Ya ulezi itavuma nini?

— Wimbi likiwa dogo, sikio nalo huwa dogo.

— Na jiwe la kazi gani?

Restituta akafikiri kidogo.

— Antena ukiichora juu ya jiwe bapa, mawimbi yanapenda kukaa ndani ya jiwe. Yanateleza pembeni, yanaingia kwa jirani, na jirani anaona kisicho chake. Picha inachafuka. Ukiibinua sura ya jiwe, kila antena inapata mawimbi yake na inakaa nayo.

Erasmo aliinama akachungulia chini ya bamba la juu. Lenzi zilipangwa safu nane, kila safu lenzi nane, zikiwa na kingo zilizogusana. Kisha akainua macho kutazama mteremko ulio mbele ya ghala, ambako shamba la mahindi lilikuwa limechimbwa mashimo kwa mashimo, kingo kwa kingo, toka juu hadi bondeni.

— Hizi ni ngoro, — alisema.

— Nini, baba?

— Ngoro. Ukilima mteremko bila mashimo, maji yanamkimbilia jirani na udongo wako yanaondoka nao. Ukichimba ngoro, kila shimo linashika mvua yake. Babu zetu hawakuwa na lugha nyingine ya kusema unachosema.

Restituta naye akageukia mteremko.

— Mimi nilifundishwa hilo kwa hesabu za miaka miwili, — alisema. — Na nimekulia kwenye ngoro.

Stephano, anayeleta dagaa kutoka Liuli na anayeitwa Ziwa, aliacha kutafuna kashata yake.

Saa tatu kasoro kumi Restituta aliweka kifuko cha Kunigunda kati ya mabamba mawili. Mawimbi yalitoka bamba la chini, yakapita kwenye kifuko, yakapokelewa na lenzi juu. Bamba la juu lilisogea kidogo kulia na kidogo kushoto, kuziba mapengo madogo yaliyobaki pale lenzi zisipogusana. Kazi hiyo ilichukua dakika nne. Luisa alijaza vikombe. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na mvuke wa birika ulipanda wima kando ya bega la Erasmo.

Picha ilijitokeza kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Kwanza mishono ya uzi. Kisha punje, moja moja, kila moja na mfereji wake tumboni.

Ziwa alivua kofia.

— Kifuko kimefungwa, — alisema taratibu. — Kimefungwa, nakiona kwa macho. Na ndani nakuona.

— Mwenye macho haambiwi tazama, — alisema Dishi.

— Hapo ndipo umekosea. Mimi nina macho tangu nizaliwe na leo ndiyo naambiwa tazama.

Erasmo alihesabu punje tano, akaacha. Alizokuwa ameziuma kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuziona hivyo, zote kwa pamoja, zimelala kama watoto kwenye mkeka. Alijikuta ameshika ukingo wa meza.

Halafu yakaonekana mambo mawili. Katikati ya punje kulikuwa na duara jeusi lenye kipete kidogo juu. Na kwenye pembe ya kulia, upande aliokaa Erasmo, kulikuwa na doa jeusi lisilo na mpaka.

— Duara ni chuma, — alisema Restituta. — Chuma hakipitishi. Doa ni maji.

— Mbichi, — alisema Dishi. — Jino hakukosea.

Ziwa akampiga Erasmo begani. Erasmo aliitikia kwa kichwa. Alitakiwa kufurahi. Siku ile, punje ya Kunigunda ilipokuwa mdomoni mwake, hakuwa amesikia kitu chochote. Si mlio, si alama. Alikuwa amechora msalaba kwa sababu nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wakingoja neno lake.

— Na chuma hicho? — aliuliza Luisa.

— Sarafu, — alisema Ziwa. — Ameweka kuongeza uzito.

— Uzito wa sarafu kwenye kifuko cha kiganja? — Dishi alitikisa kichwa. — Angalia kile kipete cha juu. Hiyo ni antena. Mtu anaisikiliza kahawa yetu kutoka mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, na hicho kiko ndani ya nguo kabisa.

— Nani asikilize kahawa? — aliuliza Ziwa.

— Wanunuzi. Wajue inazungumza nini kabla ya mnada.

— Kahawa haizungumzi, Dishi.

— Na dagaa wako unadhani hawaonekani. Mhandisi, hii ikipelekwa ziwani si itaona samaki wote mpaka Malawi?

— Haitaona hata mmoja, — alisema Restituta. — Maji ndiyo ukuta wake.

— Ngao ya dagaa, — alisema Ziwa, na alionekana kuridhika. — Mungu kawafikiria.

— Intaneti je? — Dishi hakuchoka. — Nimesoma kuwa mashine kama hii inairusha.

— Inarusha. Lenzi nzuri inakusanya mawimbi yawe kama fimbo iliyonyooka. Kutoka hapa hadi kilima kile ungepitisha filamu nzima kabla hujapepesa jicho.

— Leo hii?

— Leo hii ungepitisha nusu. Angalia bondeni.

Walitazama. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba.

— Basi nimeelewa, — alisema Dishi. — Kitu kinachopita nguo na kukwama kwenye maji, na binadamu ni maji na nguo. Kitavua watu nguo kisha kisimame. Padri atakaa nacho kwenye kitubio. Utasema dhambi mbili, yeye anaona tatu.

— Wewe utahitaji mashine mbili, — alisema Luisa.

Kicheko kilichofuata kilikatishwa na Kunigunda. Alikuwa ametembea kutoka Mkumbi tangu alfajiri, akiwa na fimbo, na viatu vyake ameviweka ndani ya kikapu. Alikuwa amemzidi Erasmo miaka kumi. Benchi zima lilisimama.

— Shikamoo dada, — alisema Erasmo.

— Marahaba, mdogo wangu. Kaeni.

Restituta alimwonyesha picha. Kunigunda aliinama mpaka uso ukakaribia kioo. Akagusa duara kwa ncha ya kidole.

— Medali ya mama, — alisema. — Bikira Maria. Niliishona pamoja na kahawa ili apimwe naye.

Alibaki ameinama. Kidole chake kilizunguka duara lile mara mbili.

— Nilimfungia gizani, — alisema. — Kumbe anaonekana.

Dishi alitazama chini. Ziwa alikuwa bado ameshika kofia.

— Na hili jeusi la pembeni?

— Maji, bibi, — alisema Restituta kwa sauti ya chini. — Kwenye pembe hiyo bado kuna ubichi.

— Niliianika siku kumi na nne kichanjani. Jioni naifunika, asubuhi naifunua. Nilikuwa nalala jirani nayo kama na mgonjwa.

— Nitapima mara ya pili. Kanuni ni mara mbili.

Luisa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kunigunda. Yalitoka matone matatu, kisha machicha.

— Kahawa imekwisha, — alisema. Akalinyanyua birika, akamwaga maji kwenye makaa, akaondoka nalo kwenda kuliosha kisimani.

— Tumekaa ghalani penye tani za kahawa na kahawa imekwisha, — alisema Ziwa. — Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Bamba lilianza tena kusogea. Dakika ya nne picha ilikamilika. Punje zilikuwa zilezile, medali palepale. Doa lilikuwa limepungua kwa nusu.

Restituta alikunja uso. Akagusa nyaya moja baada ya nyingine.

— Medali imekunywa, — alisema Dishi. — Mama amewasikia.

— Kahawa haikauki kwa dakika nne, — alisema Restituta. Alikuwa akijisemea. — Haiwezekani.

Erasmo alitazama doa, kisha akatazama mahali pa kulia kwake ambapo birika lilikuwa limekaa tangu saa mbili na nusu, kwa heshima yake. Akainama. Kwenye ukingo wa bamba la juu, upande wake, kulikuwa na umande kama ule unaoshuka kwenye bati la ghala nyakati za baridi. Matone mawili yalikuwa yamening'inia kwenye lenzi za pembeni, kila moja kwenye ngoro yake.

Kama angenyamaza, dada yule angerudi Mkumbi na mashine ingekuwa shahidi wake. Lenzi zingekauka zenyewe baadaye, hakuna ambaye angeuliza.

— Mwanangu, — alisema. — Panguza pembe hii.

Restituta alikuja, akainama pale alipoonyeshwa, akabaki hapo.

— Mvuke, — alisema hatimaye. — Mvuke wa birika. Nimepima kahawa ya kikombe.

Akatoa kitambaa laini, akapanguza lenzi moja moja, zote sitini na nne. Akapima mara ya tatu. Benchi lilikaa kimya dakika zote nne, jambo ambalo hakuna anayekumbuka kulishuhudia. Picha ilipokamilika, haikuwa na doa. Punje zilikuwa nyeupe kutoka pembe hadi pembe, na katikati yake medali.

— Imekauka, bibi, — alisema Restituta. — Yote.

Kunigunda hakushangilia. Alikaa kwenye benchi, akamgeukia Erasmo.

— Mdogo wangu, — aliuliza, — wewe uliiuma kwa jino lipi?

Ziwa aligeuza kofia mikononi. Luisa alikuwa amerudi na birika safi, akasimama nalo. Erasmo alimtazama Kunigunda, kisha akatazama ile lenzi moja nyeusi iliyokuwa bado kwenye kiganja chake.

Saa nne na robo aliingia ghalani na kitambaa kibichi, akafuta misalaba mitatu. Chaki hakuirudisha mfukoni; aliiacha kwenye meza ya mashine, kando ya lenzi. Kunigunda alikifumua kifuko mwenyewe, akavaa medali shingoni, akaanza safari ya kurudi.

Ijumaa, saa moja asubuhi, lori liliondoka Maguu. Magunia matatu ya Kunigunda yalikuwemo.