Mzee Baridi na Kifuniko Chake cha Shaba

Miaka thelathini na mmoja na miezi miwili ametuvumilia, au sisi tumemvumilia yeye. Hesabu ni ileile. Leo Ijumaa, tarehe ishirini na nane, saa sita mchana, mpimaji mkuu wa maabara ya metali, ambaye sote tunamwita Mzee Baridi, anakabidhi funguo na kustaafu. Maprofesa walipoombwa waandike wasifu wake, mmoja alileta mistari miwili na mwingine akaleta udhuru. Ndipo kamati ya sherehe ikanijia mimi, msafishaji wa chumba chake kwa miaka ishirini na minne. Basi wasinilaumu.

Kazi aliijua, simnyimi haki yake. Anachukua kipande cha metali chembamba kuliko ganda la kitunguu, anakigandishia nyaya nne kwa gundi ya fedha, anakishusha kwenye pipa la gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, kisha anaandika kwa penseli jinsi kipande kinavyoupinga umeme kadiri baridi inavyozidi. Jina alilipata hapo. Pampu ilipokufa na vipuri kukosekana, aliifunga kwa mpira wa baiskeli, na inazunguka mpaka leo. Hajachelewa kazini hata siku moja. Hajaosha kikombe pia hata siku moja. Kila kitu chumbani mwake kina karatasi ya "USIGUSE", hata kopo la sukari, ambalo ni langu.

Sasa tuje kwenye kifuniko.

Kwa kuogopa vumbi, Mzee Baridi alikichongea kipande chake kifuniko cha shaba. Kinakilalia juu kabisa, katikati pana utando wa plastiki tu. Kwa miaka mingi alipima kifuniko kikiwa mahali pake, na mchoro wake ukawa unashuka, unapinda kama mgongo wa kijiko, unatulia, vilevile kama vitabu vilivyosema. Akaandika makala kwamba metali ile ni ya kawaida, haina maajabu. Akapigiwa makofi. Akanunua koti.

Kisha akaja mtafiti kijana tuliyempa jina la Binti Waya, kwa sababu mikono yake ilibandika nyaya hizo bila kutetemeka. Yeye kifuniko kilimkwaruzia nyaya, akakiweka kando. Mstari wake haukupinda hata kidogo. Ulishuka umenyooka kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, mpaka chini kwenye baridi kali. Alirudia miezi minne, ngazi ileile. Mzee Baridi akasimama kikaoni, mbele ya wakubwa, akasema, "Huyu amepima vumbi." Watu wakacheka. Mkataba wa binti haukuendelezwa. Mimi ndiye niliyemshikia mlango akitoka na vitabu vyake ndani ya katoni. Leo anafundisha sekondari, na watu wa fani yake bado wanamtaja kama yule wa vumbi.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja nikakiona kifuniko kimejaa alama za vidole na mafuta ya maandazi, nikakiosha, nikakianika dirishani. Mzee Baridi kwa haraka zake akashusha kipande bila kuona kwamba kifuniko hakipo. Nikasikia ukelele.

"Bibi! Umeniharibia kipimo!"

"Nimeosha uchafu wako, baba. Pima tena, mikono si unayo?"

Akapima tena. Ngazi. Akarudisha kifuniko: kijiko. Akatoa: ngazi. Alifanya hivyo mara kumi na tisa, nami nikipiga deki nahesabu. Mwishowe akakaa juu ya ndoo yangu, akanieleza, maana mwenye siri humwambia mpiga deki akidhani deki haina masikio.

"Vitabu vinasema elektroni inasumbuana na jirani yake tu," akasema. "Hizi siyo. Moja ikitikisika huku, ya mwisho kule nayo inasikia. Zote zinavutana kwa mbali, ndiyo maana mstari haupindi. Shaba ikiwa karibu inazikatia mawasiliano, kila moja inabaki na jirani yake."

"Kama mawifi," nikamwambia. "Wawili wakikosana jikoni, wa tatu aliyeolewa mbali anavimba."

"Hivyo hivyo, Bibi."

"Basi yule binti alipima sawa."

Akainuka kwenye ndoo. Akasema lazima ahakikishe kwanza. Amehakikisha miaka sita! Mtu anayejua elektroni ya mwisho kabisa inaumia wapi, hakujua mwenzake anaumia wapi. Kila nikimuuliza alikuwa na sababu: pampu, bajeti, mafua. Mwezi uliopita nikamwambia wazi kwamba mficha uchi hazai, na kwamba hatatoka humu na heshima ya mtoto wa watu mfukoni mwake. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu akaandika barua kwa jarida lililotoa makala yake. Inasema, nami nimesomewa: nilikosea, kifuniko changu kilificha jambo, na aliyeliona kwanza ni yule binti.

Barua nzuri. Ila aliomba ifunguliwe Jumatatu, akishaondoka. Mtu mzima mwenye wajukuu anataka kurusha jiwe akimbie! Nilikataa, na mkuu wa maabara, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikubaliana nami.

Kwa hiyo, Mzee Baridi, leo kabla ya keki umepewa dakika tano. Kiti cha kwanza safu ya pili ni cha Binti Waya. Nilimpigia simu mwenyewe, na amekuja na mama yake. Simama uwaelekee, usome barua yote, jina lake ulitamke kamili, usilimung'unye. Usiseme habari za vumbi.

Tunakushukuru kwa pampu, kwa penseli, na kwa kutuonyesha kwamba vilivyo mbalimbali bado vinahusiana. Nenda ukapumzike, miguu ipate nguvu, wajukuu wakuchoshe kwa heri. Ukimaliza kusoma, keti. Tutapiga makofi mara mbili, na ya kwanza siyo yako.